Kengele Ikilia Hatusikilizi

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia mitaani: wa kwanza kumpiga ni mimi. Jirani yangu Ina alimmwagia maji, jirani mwingine, Tam, akamsukuma ngazini, lakini sufuria iliyomvunja taya ilikuwa mkononi mwangu, sufuria ya uji, na uji wenyewe ulikuwa bado umegandia pembeni. Wakili wangu ananiambia niseme niliogopa. Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na hasira ya miaka mitatu, nikaimwaga yote kwa mtu siye.

Naitwa Senga Mulgrew. Nimezaliwa hapa Govan, kwa waunda meli kando ya mto, Mtaa wa Kilbeg, ghorofa ya pili, chumba kilekile alichozaliwa baba yangu. Jengo letu ni la mawe, familia nane zinatumia ngazi moja, na ukipiga chafya juu, wa chini anakwambia afya. Baba yangu, Dugald, aliingia kwenye karakana ya kuunda meli akiwa na miaka kumi na tano. Walikuwa wakifunga mabomba kwa asbesto, vumbi linadondoka mabegani, wao wanapangusa na kula mkate wao. Vumbi lile lilimkalia kifuani kimya kimya, akastaafu nalo, na alipofika miaka themanini akawa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi chooni bila kushika ukuta.

Kwa hiyo alikuwa na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, usiku na mchana, bomba puani. Kitanda tulikiweka dirishani ili aione kreni ya zamani kule mtoni. Mama yangu alifia hospitalini, kwenye korido, juu ya kitanda cha magurudumu, baada ya kungoja saa kumi na tisa. Baba hakusahau.

"Senga mwanangu," aliniambia, "mimi nifie hapa. Wasije wakanipanga kwenye korido kama mizigo. Niapie."

Nikamwapia. Nikashika mkono wake nikamwambia, Baba, hakuna atakayekutoa kitandani mwako mimi nikiwa hai. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania, na mengine yote yamezaliwa hapo.

Sasa mashine ile inakula umeme, na umeme ukapanda. Ukapanda tena. Mkate ukapanda, siagi ikapanda, kodi ya nyumba nayo ikaona isiachwe nyuma. Kule London mawaziri wakuu walikuwa wanabadilishwa kama soksi, kila anayekuja anaapa mlangoni kwamba amesikia kilio chetu. Jioni moja mheshimiwa mmoja akatokea kwenye televisheni, shingo nyekundu, tai ya hariri, akatushauri tuvae sweta nzito na kupunguza kuwasha moto. Baba akavua ndara akairusha, ikampata mheshimiwa wa watu usoni, kwenye kioo.

"Sweta ninayo!" akasema, huku anahema. "Mwambieni aje anisaidie kuvuta hewa!"

Tulicheka hadi nikaogopa atazimia. Lakini kicheko hakilipi bili. Mshahara wangu ni wa kufagia shule ya msingi, asubuhi na jioni, na kuna mwezi nilikula viazi na chumvi siku kumi mfululizo ili Baba apate supu yenye nyama. Hata hivyo sikuweza kulipa yote. Kampuni ya umeme ikaleta barua: Alhamisi asubuhi watakuja na hati ya mahakama, pamoja na fundi wa makufuli, kutufungia mita ya tokeni kwa nguvu. Mnajua mita ya tokeni. Ukiishiwa, inazima. Haiulizi nani amelala ndani na bomba puani.

Nikapiga simu. Nikapigiwa muziki dakika hamsini, halafu kijana mmoja akaniambia hana kumbukumbu yoyote kwamba nyumba yetu ina mgonjwa. Nimejaza fomu mara tatu! Nikamwambia, kijana, sogeza simu sikioni, uisikie mashine inavyonguruma. Akaniambia ananielewa, akakata.

Jumamosi nikaenda kwa mbunge. Huwa anakaa maktaba, meza ya nyuma, kusikiliza watu wake. Nikamweleza yote. Ana kalamu nzuri, yule bwana, na anaijua kuitikisa.

"Nimekusikia, Bi Mulgrew."

"Kunisikia umenisikia. Utafanya nini?"

"Nitawaandikia barua."

"Andika basi kwa wino mzito, mheshimiwa, ili nipate cha kusoma msibani."

Hakucheka. Msaidizi wake akaita jina la mtu anayefuata.

Nikarudi nyumbani nikaishusha kengele.

Kengele yetu ni ya shaba, ya mkono, ya nyanya yake Baba, Bibi Jessie. Ni ya zama zile za vita kuu ya kwanza, wanaume wako mahandakini wanakufa, na wenye nyumba huku wanawapandishia kodi wake zao. Wanawake wa Govan wakagoma. Dalali wa mahakama akionekana mtaani, kengele inapigwa, milango yote inafunguka, na kila mwanamke anatoka na alichoshika: unga, nguo mbichi za kufulia, mwiko, sufuria. Bibi Jessie aliacha sheria moja tu, na kila mtoto wa ngazi yetu anaijua kabla hajajua sala: kengele ikilia, hatusikilizi. Dalali ana ulimi wa asali. Mpe dakika moja ya kujieleza, utamkuta sebuleni anahesabu viti. Kwa hiyo tunapiga kelele, tunagonga mabati na kuta, hata sauti yake mwenyewe asiisikie.

Mara ya mwisho ilikuwa miaka miwili nyuma, walipokuja kumtoa mjane wa ghorofa ya nne. Madalali walikimbia na unga masikioni, mmoja akaacha kiatu. Tulikicheka kiatu kile wiki nzima, na hadi leo Tam anakitumia kuzuia mlango.

Tam Hendry anakaa juu yangu. Ni mtu mkubwa, alikuwa mchomeleaji hadi karakana ilipopunguza watu, sasa anashinda na mkono mgongoni akitafuta mtu wa kugombana naye. Ina Cattanach anakaa chini kabisa, ana miaka sabini na macho ya mwewe. Jumatano jioni tulikaa ngazini watatu, chai mkononi, tukapanga.

"Wakileta polisi je?" nikauliza.

"Thubutu!" Ina akasema. "Polisi wenyewe watoto wa juzi. Yule mrefu nilimbadilisha nepi."

"Mimi nataka mmoja tu," Tam akasema. "Mungu anipe mmoja tu mkononi."

Mungu akasikia.

Alhamisi alfajiri mashine ya Baba ikaanza kulia pii, pii, na taa ya njano ikawaka. Hewa inatoka nusu. Nikapiga simu kwa watu wa oksijeni, msichana akaniambia fundi atafika kati ya saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Nikamhamishia Baba kwenye kamtungi kadogo ka oksijeni ka akiba. Kakitumika kwa utaratibu, mtu ametulia kitandani, kangefika saa nane mchana.

"Usijitikise, Baba. Usiongee. Malky atakuja tu."

Malky ndiye fundi wetu wa oksijeni, miaka sita. Anakuja na gari la kijani, anapiga mluzi tangu mlangoni, anakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari na kumtania Baba kuhusu mpira. Baba akanionyesha kidole gumba. Nikamfunga blanketi, nikarudi jikoni kukoroga uji, masikio yako mtaani. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu ya kulala na kuamka.

Saa nne kasoro nikamsikia Ina, kutoka dirishani kwake.

"Senga! Gari jeusi! Halina maandishi! Ana kadi shingoni huyo!"

Damu ikanipanda. Nilichukua kengele mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki na sufuria, maana ndiyo ilikuwa mkononi. Nikafungua mlango nikaipiga kengele kwa nguvu zangu zote. Milango ikafunguka juu na chini. Wanawake wakatoka na vifuniko, na unga kwenye mifuko. Ina alishaacha dirisha, yuko ngazini na ndoo. Tam akashuka vidato vitatu kwa hatua moja.

Mtu mwenyewe alikuwa peke yake. Kijana wa miaka thelathini hivi, koti jeusi, kishikwambi mkononi, maji ya mvua yanamtiririka. Alikuwa ameshafika kwenye uwanja wa ngazi chini ya mlango wangu. Akatazama kioo chake akasoma:

"Dugald Mulgrew? Ndiyo hapa kwa Dugald Mulgrew?"

Anasoma jina la baba yangu kwenye orodha! Sikuhitaji kingine.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka kabla sijakutoa!"

"Mama, ngoja kwanza, mimi nime..."

Hatukumwacha amalize. Unga ukamvaa usoni. Ina akammwagia ndoo nzima ya maji ya deki kwa nyuma, na ngazi yote ikawa inagonga, mabati, vifuniko, miiko kwenye vyuma, kengele yangu juu yake. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilimwona anasema neno lilelile, mara ya pili, mara ya tatu, na nikafurahi kwamba silisikii. Akainua mkono wenye kishikwambi ili nikione. Mimi niliona mkono umeinuka.

Nikampiga sufuria ya shavu. Taya ilitoa mlio, na huo niliusikia, kelele zote zile nikausikia.

Akayumba akashika mkono wa koti langu. Hapo ndipo ukuta wa nyuma yangu ukaanza kugongwa kutoka ndani. Du! Du! Du! Ni chumba cha Baba. Alikuwa anagonga kwa fimbo yake, kwa nguvu ambazo sijawahi kumwona nazo tangu mwaka wa juzi.

"Msikieni mzee!" Tam akanguruma. "Hata mzee yumo! Mpe, Senga, mpe!"

Nikampa. Machozi yalinitoka kwa fahari, Mungu anisamehe. Nilimpiga ya pili kwa ajili ya yule kijana wa simu, ya tatu kwa ajili ya mheshimiwa na sweta yake, na kila nilipopiga ukuta ulijibu, du, du, nami nikapiga tena. Damu ikatoka puani na mdomoni mwake ikachanganyika na unga ikawa ugali. Hakurudisha hata kofi. Nilipaswa kuliona hilo. Dalali angerudisha.

Tam akamwinua kwa kola na kumsukuma. Alianguka vidato kumi na kimoja, kichwa kikigonga chuma, mkono ukabaki chini ya mwili umekunjwa pasipokunjika. Mwanamke wa ghorofa ya tatu akamrushia kifuniko. Ina akamtemea mate, akamruka, akaenda kufunga mlango wa nje wasiingie wenzake.

Hakuufunga. Alisimama pale amenipa mgongo.

"Senga," akasema, sauti ndogo. "Njoo uone."

Nikashuka. Kando ya gurudumu la gari jeusi, mvuani, ilisimama mitungi miwili mirefu myeupe ya oksijeni, na mashine mpya ndani ya nailoni.

Ndipo nikasikia kwamba ukuta umenyamaza.

Nilipanda zile ngazi sijui vipi. Baba hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni chini ya ukuta, fimbo mkononi, bomba limemtoka, midomo ya bluu. Kamtungi ka akiba kalikuwa kamevutwa nyuma yake hadi hapo, koki imefunguka yote kwa kuburutwa, na mshale wake uko kwenye sifuri. Hewa ya kufika saa nane ilikuwa imekwisha saa nne.

Tam akauleta mtungi mmoja begani, analia huku anakimbia. Haukufunguka. Mdomo wake si kama wa mitungi ya Malky, unataka ufunguo wake, na mimi na Tam tukawa tunaung'ang'ania kwa vidole vyenye damu ya yule aliyeuleta. Nikarudi chini mbio nikapiga magoti kwa yule kijana. Jicho moja lilikuwa limefumba. Nikamwambia, ufunguo, tafadhali, baba yangu anakufa, ufunguo uko wapi. Alinitazama kwa muda ambao bado nauota. Halafu mkono wake mzima ukaenda mfukoni, ukatoa ufunguo, na kwa kuwa taya haikuweza kusema, akanichorea sakafuni kwa kidole, kwenye unga: mshale wa kushoto, kisha mbili, yaani mizunguko miwili. Akageuka pembeni akatapika damu.

Mizunguko miwili, na hewa ikatoka. Baba akarudi taratibu, kucha kwanza, kisha midomo. Nilimshika kichwa mapajani nikimwambia samahani, samahani, na yeye ananitazama tu.

Kijana anaitwa Lorne Petrie, ni mtu wa Greenock, ana binti mdogo. Malky alikuwa amefutwa kazi tangu mwanzo wa mwezi. Wakubwa waliipa kazi ile kampuni nyingine kwa sababu ni nafuu, ikaajiri watu wapya na magari meusi ambayo bado hayajaandikwa jina. Hakuna aliyetuambia. Na msichana wa simu, kumbe, aliposikia sauti ya mashine alituweka juu kabisa ya orodha, ndiyo maana Lorne akaja mapema. Mtu mmoja katika nchi nzima alinisikia kweli, na nikamlipa hivyo.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini. Polisi walikuja kwa dakika sita, na yule mrefu wa Ina alikuwepo, hakumtazama usoni. Walipomuuliza Lorne nani aliyempiga, aliinua kidole akanionyesha mimi, kisha Tam. Hakukosea.

"Lete pingu," nikasema, "lakini baba yangu abaki kitandani."

Mwanamke wa gari la wagonjwa aliongea na simu kando ya dirisha, halafu akanigeukia. Kampuni ya oksijeni imesema hakuna fundi wake atakayekanyaga tena ngazi ile, si leo, si wiki ijayo, mpaka kesi iishe. Hakuna fundi, hakuna mitungi. Mzee lazima aende hospitali.

Baba alishika chuma cha kitanda. Walimbandua kidole kimoja kimoja, kwa upole, wakiongea naye vizuri, na mimi nimesimama pale mikono nyuma na pingu. Wakamshusha kwenye kiti, kupita penye unga na damu. Mmoja wao akaipiga kengele teke bila kukusudia, ikalia mara moja ngazi nzima, na hakuna mlango uliofunguka.

Nililala rumande usiku mmoja. Jumamosi, nimeshatolewa kwa dhamana, nikakuta barua chini ya mlango. Ya mbunge. Karatasi nzuri. Alifurahi kunijulisha kwamba Jumanne kampuni ya umeme ilikubali kuiondoa ile hati, na kwamba hakuna atakayefika nyumbani kwangu Alhamisi. Jumanne! Namba yangu ya simu anayo. Walikuwa wamebandika stempu ya bei ya chini, ile ya kuchukua siku tatu nne, kubana matumizi.

Nikaenda hospitali na barua mfukoni. Ghorofa ya saba, vitanda sita, dirisha linatazama bomba la moshi. Angalau si korido, nikajisemea, na nikaona aibu kwa kujisemea. Baba alikuwa na kinyago usoni, mikono juu ya shuka, michubuko kwenye ngumi.

"Baba. Ni Senga."

Akafumbua macho.

"Nimekuvunjia kiapo."

Akasogeza kinyago pembeni kidogo. Kila neno lilikuwa na safari yake.

"Niliona mitungi," akasema. "Dirishani. Anaishusha."

"Nyamaza, Baba, pumzika."

"Nikakuita. Kelele. Ikabidi nigonge." Akavuta pumzi mbili, tatu. "Nilikuwa nakugongea uache."

Nilitaka kumwambia nilivyodhani, kwamba nilidhani yumo, kwamba nilipiga kwa mdundo wake. Nadhani alijua. Alirudisha kinyago mwenyewe na kugeukia bomba la moshi.

Aliishi siku tisa. Sauti ilimwisha siku ya tatu, kwa hiyo akitaka maji alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa pete yake, taratibu, mara tatu. Wauguzi walikuwa na watu wengi, hawakusikia kila mara. Mimi nilisikia. Nilikaa kando yake siku zote tisa, na kila alipogonga niliinuka kabla hajamaliza.